Rafiki Yake Baba Alikuwa Kampuni

Baba yangu alikuwa na rafiki wa ng'ombe ambaye hakuwahi kumwona akila, akilala wala akiugua, kwa sababu rafiki huyo alikuwa kampuni. Watu wa Goma niliosoma nao wakisikia hivi hucheka. Wacheke. Mimi nilikuwepo, tena nikilipwa kutafsiri, na najua nani alimchezea nani.

Kwanza nieleze urafiki wa ng'ombe. Kwetu Nyamitaba, juu kwenye milima ya Masisi, sisi wafugaji hatupeani ng'ombe kama watu wanavyopeana shati. Mtu akikupa mtamba, amekuingiza nyumbani kwake. Tangu siku hiyo utacheza kwenye harusi za watoto wake, utamzika mama yake, na yeye atakuzikia wako. Mtamba akizaa jike, unampelekea mwenzako yule ndama, na hapo urafiki unakomaa. Ukipata shida huendi kwake kuomba. Unakwenda, unakaa, unamkumbusha ng'ombe, na yeye ananyanyuka. Asiponyanyuka, urafiki umekufa, na ng'ombe anarudishwa alikotoka pamoja na uzao wake, hadharani, watu wote wakiona. Jambo hilo nililisikia tu likisimuliwa nikiwa mdogo. Waliolisimulia walishusha sauti, maana aliyerudishiwa ng'ombe hakupata tena wa kumzika.

Sasa kampuni. Ilikuwa na nyumba ya kununulia madini kule Mubi, Walikale, chini msituni. Ilinunua kasiterite, yale mawe meusi mazito yanayotolewa bati, ikayapeleka Goma, na kutoka Goma yakaenda yanakokwenda. Niliajiriwa kwa sababu nilijua Kifaransa na lugha za milimani, na kwa sababu mimi ni mwanamke. Kwenye ripoti ilitakiwa aonekane mwanamke. Kazi yangu iliitwa uhusiano na jamii.

Wiki niliyoanza, mkurugenzi aliniita ofisini anifundishe kazi. Alikuwa mgeni wa ng'ambo, mtu wa adabu, mwenye sauti ya chini kama anayezungumza kanisani. Aliniambia wazi kwa nini kampuni inafanya mema. Wanunuzi wa bati, alisema, hawataki tena mawe yenye harufu ya damu. Si kwamba wao wana huruma, ila wateja wao wanayo, na mteja ndiye anayelipa. Kampuni inayoonekana njema huuza kwa bei nzuri. Benki ikikuta shule na zahanati kwenye ripoti hukopesha kwa riba nafuu, kwa kuwa kampuni inayopendwa na majirani haichomwi moto. Vijana wakiridhika hawafungi barabara, na lori likikwama njiani hasara yake inazidi gharama ya kisima. Wafanyakazi wazuri hawahami. Serikali inachelewa kuuliza maswali.

"Wema ni idara kama idara nyingine," alisema. "Ukiuweka mahali pabaya, unakula hasara."

Nilimpenda siku hiyo, nasema kweli. Nimekua katikati ya watu wa misaada waliokuwa wakitushika mikono na kutuambia wanatupenda, halafu gari zao zikigeuka hatuwaoni tena. Huyu hakutupenda, alisema hivyo, na mshahara ulifika mwisho wa mwezi.

Ng'ombe lilikuwa wazo lake. Unaweza kuuliza kampuni ya Walikale inatafuta nini na ng'ombe wa Masisi. Inatafuta mwanga. Walikuwa wamechimba kisima Mubi, na kwenye picha kikatoka kama dimbwi la matope, na watoto wanaoteka maji hawakuonekana uso, maana miti ya kule inakula jua. Milima yetu ni kijani mpaka juu. Ng'ombe akisimama pale, hata mpiga picha mlevi hawezi kukosea. Halafu malori yao yalipita Masisi kwenda Sake, njia ya Goma, na vijana wa milimani ndio waliokuwa wakiyasimamisha. Halafu tena vita vilikuwa vimetunyang'anya mifugo. Familia zilizokuwa na zizi zilibaki na uzio. Kwa hiyo walinunua mitamba, wakawatoboa masikio, wakawatia hereni za plastiki zenye rangi ya kampuni, na kuwapandisha Nyamitaba kwa lori.

Baba alikuwa mmoja wa waliochaguliwa. Sikumchagua mimi, alichaguliwa kwa sababu alikuwa mrefu na alikuwa na koti. Alipopewa kamba hakusema aksanti akaondoka kama wengine. Alivua kofia, akampapasa mtamba mgongoni, kisha akamgeukia mkurugenzi na kusema maneno yanayosemwa.

"Leo kampuni imeingia mu nyumba yangu. Ikiwa na harusi, nitakuya. Ikiwa na kilio, nitakuya. Na mimi nikiwa na yangu, najua mulango ya kugonga."

Nilitafsiri. Mkurugenzi aliguswa kabisa, akasema ni maneno mazuri na yaandikwe. Kisha akaomba baba ayarudie akiwa amesimama upande wa kushoto, kwa ajili ya jua. Baba akayarudia. Kwake yeye, mtu anayetaka kusikia kiapo mara ya pili ni mtu makini.

Jioni hiyo, ndani ya gari, nilimweleza mkurugenzi ng'ombe ni nini kwetu. Nilimweleza yote, mpaka kuzikana. Alisikiliza vizuri, alikuwa hodari wa kusikiliza. Kisha akasema nimwache mzee aamini hivyo, kwa maana uaminifu wa namna hiyo kampuni nyingine zinaununua kila mwezi na haudumu. Kwa baba nako nilijaribu.

"Papa, ile haiko muntu. Ni kampuni."

"Kampuni iko na bantu ndani, ao iko na majani?"

"Iko na bantu."

"Basi."

Na akaanza kuwa rafiki. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, kwa sababu baba hakuwa mjinga, na alifanya kila kitu vizuri. Kabla mtamba hajazaa alinunua maziwa, akatengeneza jibini, lile la mviringo tunalouza Sake, akatenga moja kila mara na kulituma Mubi kwa watu wa pikipiki. Mkurugenzi aliogopa tumbo lake, akawapa walinzi. Walinzi hawakulipenda, wakampa mbwa. Baba akiuliza kwenye simu kama lilifika, nilisema lilifika. Mama yake mkurugenzi alipofariki huko kwao, baba alipanda pikipiki kutoka Masisi mpaka Mubi, kwenye lile tope, na kidumu cha maziwa katikati ya magoti, akaja kwenye kilio. Mkurugenzi alikuwa ameshapanda ndege. Baba akakaa uani kwa kampuni, kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani, kuanzia asubuhi mpaka jua lilipozama, akilia kilio cha mama wa mtu asiyekuwepo. Makarani walipita wakimchungulia. Mmoja alimpiga picha, na picha hiyo ikaingia kwenye ripoti, chini yake pakaandikwa kwamba jamii inahudhuria ofisi zetu kwa wingi.

Kisha kukawa na habari ya lori. Lori la kampuni lilimgonga mwanamke aliyebeba viazi kwenye barabara ya Masisi, likamvunja mguu, likaendelea na safari. Vijana wakashuka na mawe na magogo wafunge njia. Baba akashuka nyuma yao na fimbo yake, akasimama katikati ya barabara.

"Ile ni lori ya rafiki yangu," aliwaambia. "Musiifunge. Nitamuambia mie mwenyewe."

Wakamheshimu, wakarudi. Baba akaniambia nimwambie mkurugenzi, nami nikamwambia, na yule mwanamke akapelekewa blanketi. Mpaka leo anachechemea. Mkurugenzi alifurahi sana siku hiyo, akasema mbele ya mhasibu kwamba yule mzee na mtamba wake wanakula kidogo kuliko askari wa bariyeri wanaotoza malori njiani. Mhasibu akacheka. Nilicheka pia, kile kicheko cha ofisini ambacho kila mwenye mshahara anakijua.

Mtamba akazaa, na akazaa jike. Baba akanipigia simu akiwa na furaha ya bwana harusi. Ndama alipoacha kunyonya, alitaka ampeleke Mubi kwa mwenyewe. Mkurugenzi akasema hapana, kampuni haina malisho, mzee abaki naye. Aliyasema akiwa anatafuta miwani yake. Lakini kwetu, rafiki akikwambia ubaki na ndama wake, amekuambia zizi lako na langu ni moja. Hakuna neno kubwa kuliko hilo. Baba alimfunga ndama mahali pa heshima, karibu na mlango, na wageni wakiuliza ni wa nani, alisema ni wa rafiki yangu wa Mubi, mimi namtunzia tu.

Ndiyo maana hakukataa mdogo wangu aliposema anakwenda kuchimba Mubi. Baba wengine walikuwa wakilia watoto wao wakishuka msituni. Wetu alimbariki. Mdogo wangu alikuwa ameoa, mke wake ana mimba, na shamba lilikuwa limekatwa vipande vidogo kwa ajili ya ndugu. Baba alimsindikiza mpaka barabarani.

"Hauendi mu mapori," alimwambia. "Unaenda ku rafiki."

Alikwenda kwenye kilima kilicho nyuma ya Mubi, ambacho kampuni ilinunua mawe yake kila siku, na ambacho kwenye karatasi za kampuni hakikuwepo. Kilima kile hakikuruhusiwa kuchimbwa. Mawe yake yalibebwa mgongoni mpaka kilima cha pili, kile cha kuonyesha wageni, kilichokuwa na uzio, kofia ngumu na choo. Huko yakafungwa lebo safi na kugeuka mawe mema. Mubi nzima ilijua hivyo, mpaka wauza mandazi. Wanunuzi wa ng'ambo peke yao ndio hawakujua, au walilipa vizuri wasijue.

Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi kilima kikashuka. Aliyekuja kuniambia alikuwa mchimbaji mwenzake, matope mpaka kwenye kope. Shimo limeziba, watu wako ndani, mdogo wako yuko ndani. Nilipofika pale wanaume walikuwa wamenyamaza wote, na mmoja akaniambia niweke sikio kwenye bomba la hewa. Nikaliweka. Ndani kabisa mtu alikuwa akigonga jiwe kwa jiwe. Anagonga, anapumzika, anagonga.

Walichimba kwa koleo, kwa sahani, kwa mikono. Wakitoa udongo, mwingine unateremka mahali pake. Na uani kwa kampuni, umbali wa kutembea tu, palikuwa na katapila. Ilikuwa ya kutengeneza barabara, imepakwa rangi mpya, na dereva wake alikuwa amekaa kivulini anakula ndizi. Nilikwenda ofisini kuiomba. Mkurugenzi akaniambia analifikiria. Nikampigia baba.

Baba alifika kesho yake, ametembea na pikipiki usiku na mchana. Alikwenda kwanza kwenye shimo, akaweka sikio kwenye bomba. Kulikuwa bado kunagongwa. Akainuka, akajipangusa koti, akavaa kofia vizuri, akaniambia twende kwa rafiki.

Sitasahau alivyoingia ofisini mle. Hakulia, hakupiga magoti. Alikaa. Akamsalimia mkurugenzi, akamuuliza watoto, akamuuliza mke, akauliza kama kaburi la mama yake limejengewa. Mimi nilikuwa natafsiri huku natamani nimkatize aseme linalomleta. Lakini hivyo ndivyo inavyofanywa, na hakutaka kumvunjia rafiki yake heshima. Ndipo akafika kwenye ng'ombe.

"Umuambie ivi. Alinipatiaka ngombe. Ngombe alizala, mutoto wake iko kwangu, muzima. Yeye mama yake alikufa, nilikuya ku kilio. Sasa mutoto yangu iko chini ya udongo na anapiga jiwe. Atume ile mashini."

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilimchukia zaidi kwa hilo. Alinieleza kwa Kifaransa, polepole, kama siku ile aliyonifundisha kazi. Katapila ikipanda kile kilima, kila mtu ataipiga picha. Picha ikifika ng'ambo, wanunuzi watauliza kampuni ina shughuli gani kwenye kilima kisichoruhusiwa. Lebo itafutwa. Benki itadai mkopo wake. Nyumba ya Mubi itafungwa, na wafanyakazi wote watakosa kazi, na mimi nikiwemo. Alisema anaomba nimfafanulie mzee kwamba uamuzi huu unalinda familia nyingi.

Nilimfafanulia. Baba aliinamisha kichwa, akawa anatafuta mahali pa kuyashika maneno yale.

"Mashini iko mubaya?"

"Hapana, Papa. Iko muzima."

"Muntu wa kuiendesha hayuko?"

"Iko inje pale."

"Hajue kama mutoto iko kule?"

"Anajua."

"Na iko anasikia mi niko nasema nini?"

"Anasikia, Papa. Nimemuambia byote."

Baba akasimama, akaenda kuchimba na wengine kwa koleo la kuazima. Kesho yake mchana kugonga kulikoma. Wanaume waliendelea mpaka jioni, udongo ukateremka tena, na mkubwa wa wachimbaji akawaamuru watoke kabla hawajafukiwa na wao. Hakuna aliyetolewa. Kile kilima ndicho kaburi lao, na kabla ya mwezi kwisha watu walikuwa wanachimba upande wake wa pili, na kampuni inanunua.

Kampuni haikutususia. Ilituma mchele, mafuta, turubai lenye jina lake, na jeneza kwa kila familia. Jeneza la mdogo wangu lilipanda Nyamitaba juu ya gari, jeupe, lina vishikio vya kung'aa. Vijana waliolishusha walijiandaa kwa uzito, wakayumba, kwa sababu lilikuwa tupu. Baba hakulileta ndani. Lilikaa kwenye mvua mpaka jirani akaliomba amzikie mama yake. Ripoti ikaandika kwamba kulitokea maafa kwenye eneo jirani na kampuni ilisimama na wafiwa.

Msiniulize kwa nini sikuacha kazi. Mjane wa mdogo wangu alijifungua mwezi huohuo nyumbani kwetu, na mshahara wangu ulikuwa ndio wa kukamua.

Siku moja baba alitangaza kanisani, baada ya ibada, kwamba anarudisha ng'ombe. Waumini walimfuata nyumbani kumsihi. Mama alimsihi: mtoto mchanga anakunywa nini? Baba akasema maziwa ya yule ng'ombe hayashuki tena kooni, na yatafutwe mengine. Akawatoa ng'ombe na ndama wake, akaungana na wafanyabiashara wanaosukuma mifugo kwa miguu kutoka Masisi kwenda Walikale.

Walimcheka njia nzima. Ng'ombe wa milimani akishuka msituni anakwenda kuliwa. Hakuna mwingine anayepitia njia ile, na hakuna anayeipanda kurudi. Walimwambia awauze wote Mubi kwa bei nzuri apate faida. Alilipa kila bariyeri kama wao, akavuka mito kama wao, kwato za ng'ombe wake zikaoza kwa tope kama za ng'ombe wao. Aliwakatia majani kwa mkono mahali pasipo na majani. Kwa ng'ombe wanaokwenda kutupwa usoni mwa mtu, aliwatunza sana. Nadhani alitaka wafike wazuri ili aibu iwe kamili.

Alifika Mubi siku ya soko. Alisimama mbele ya lango la kampuni, akaita. Watu walijaa: wachimbaji, wauza nguo, watu wa pikipiki. Waliotoka milimani walipoona kamba mikononi mwake walielewa mara moja, wakawanyamazisha wengine. Mkurugenzi alitoka. Mpiga picha akatoka nyuma yake na kamera ya video. Nikasimama kati yao, na kwa mara ya kwanza nikaipenda kazi yangu.

"Ulinipatiaka ngombe. Njo huyu. Ulikuwa na mutoto yake kwangu. Njo huyu. Maziwa nilisha kunywa, siwezi kuyatapika. Kuanzia leo hatujuane. Ukifa, sitakuya. Nikifa, usikuye. Mutoto yangu alipiga jiwe, ukamusikia, ukakaa."

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusema. Nikaongeza kwa mdomo wangu kwamba kwetu hakuna tusi linalozidi hili, na kwamba aliyetendewa hivi huinama. Mkurugenzi aliunganisha viganja kifuani. Akasema nimwambie mzee kwamba ameguswa, kwamba anauelewa uchungu wake. Kisha akaniuliza, pembeni, kama anarudisha wote wawili kweli.

Baba hakusubiri tafsiri. Aliachia kamba zikaanguka kwenye tope, akageuka, akaondoka kwa miguu. Wanawake wa milimani walishika vinywa. Karani mmoja akaokota kamba.

Video ile niliiona pale watu wa benki walipokuja Mubi kukagua. Ilionyeshwa ukutani, baada ya chakula. Baba yuko langoni, mrefu, mdomo wake unasogea, lakini sauti yake ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa zumari. Chini yake palipita maandishi ya Kifaransa: mfugaji huyu amejitegemea, na leo amerudisha kila alichopewa, pamoja na zaidi, ili na wengine wapate. Mama mmoja wa benki alifuta machozi. Alisema amekagua miradi mingi na hajapata kuona mradi ambao wanufaika wake wanarudisha wenyewe. Mkopo uliongezwa na riba ikashushwa tena. Nyama ya siku hiyo ilikuwa laini, walisema. Mimi nilijua imetoka wapi, nikala wali mtupu.

Nyumbani baba alikuwa anangoja. Kwetu, aliyerudishiwa ng'ombe hapati usingizi; lazima atume watu na pombe, wakae chini, waombe msamaha, hata kama urafiki haurudi. Baba hakusema anangoja. Ila viti viliwekwa safi, koti likapigwa pasi, na kila nilipopanda kuwasalimia aliniuliza kama mkubwa wangu anakula vizuri siku hizi, kama amekonda. Nilisema sijaangalia.

Na wakaja. Gari mbili na lori, asubuhi ya jua kali, na mimi ndani ya gari la kwanza kwa sababu ndiyo kazi. Sikupewa nafasi ya kumpigia baba simu; safari iliamuliwa wageni wa benki walipotaka kumwona mzee wa kwenye video. Tulipopinda kona nikamwona amesimama mlangoni, koti na kofia, na wanaume wa kijiji wakija mbio kushuhudia. Mama alikuwa anatoa viti. Walikuwa wamekuja kuomba msamaha, kijiji chote kilijua hivyo. Baba alijaribu kuukaza uso na hakuweza.

Mkurugenzi alishuka. Alitoa hotuba fupi. Mama wa benki akatoa cheti kilicho kwenye kioo. Kisha lango la lori likafunguliwa, na mitamba wawili wakateremka, masikio yametobolewa, hereni mpya za rangi ya kampuni. Watu walipiga vigelegele. Baba akanivuta karibu.

"Banaomba musamaha?"

Wote walikuwa wananitazama, huku na huku.

"Hapana, Papa. Ni zawadi. Juu ulirudisha ngombe, banasema uko muzuri kupita bengine."

"Ile siku, haukubaambia?"

"Nilibaambia byote."

"Na hakuumia?"

"Hakuumia. Hakujuaka kama mulikuwa barafiki."

Hapo nikaona kitu ambacho sikukiona siku ya shimo: baba yangu aliona aibu. Siyo ya kwao, ya kwake. Alimlilia mama wa mtu, akalinda lori lake, akamtuma mwanawe kwake, akavuka msitu na ng'ombe wawili kumvunjia urafiki, na muda wote huo hakukuwa na mtu upande wa pili. Alivua kofia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kamba za mitamba zilikuwa bado zimenyooshwa. Mkurugenzi akaniuliza kuna tatizo gani, nikasema amezidiwa na furaha. Ndipo mjane wa mdogo wangu akatoka upande wa jikoni, mtoto mgongoni. Yule mtoto alikuwa analishwa uji wa maji, na zizi letu halikuwa na kitu. Alimtazama mama, mama akatazama chini, naye akanyoosha mkono akazichukua kamba. Mpiga picha akaomba atabasamu, na nikatafsiri.